Skrubu ya Kinyozi na Kitufe cha Mkunga

Gari lilikuwa moja na wenyewe walikuwa wawili. Mama yao, siku aliyohamia kwa dada yake na kutangaza kwamba magoti yake hayataki tena kuona klachi, aliweka funguo juu ya meza akasema, "Gawaneni bila kugombana." Kugawana waliweza. Dada mtu, ambaye alikuwa mkunga, alilichukua kuanzia Jumanne hadi Jumamosi. Mdogo wake, kinyozi, alilichukua Jumapili na Jumatatu, siku ambazo duka lake lilikuwa limefungwa.

Ukiliona barabarani usingeligeukia mara mbili: dogo, kijivu, mlango mmoja umebonyea. Lakini chini ya boneti lilikuwa na turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa injini na kuishindilia injini hewa zaidi ya ile ambayo ingevuta yenyewe. Mkunga alichojua ni kwamba turbo ilimpandisha mlimani bila kuhangaika na gia. Kinyozi alijua zaidi ya hapo, na kujua kwake ndiko kulikoleta kasheshe.

Kulikuwa na mashindano yanakuja kwenye kiwanja cha ndege kisichotumika tena, ambako watu hukimbiza magari yao ya kila siku, mmoja mmoja, wakishindana na saa. Kinyozi alishajiandikisha. Basi Jumatatu moja akanunua kidhibiti presha cha mkono: kijivali cha shaba, kirefu kama kidole gumba, ndani kina springi na gololi. Kinafungwa kwenye mpira mwembamba unaoipelekea turbo habari kwamba presha imetosha, ipumzike. Ukikaza skrubu yake, habari zinachelewa, na presha inazidi kupanda. Alikifunga kwa robo saa. Akakaza nusu mzunguko, akazunguka mtaa. Gari likaruka kama limechomwa sindano. Akakaza nusu nyingine. Halafu, kwa kuwa hakuna aliyemwona, akaongeza na kidogo cha kuridhisha roho yake.

Jioni akatundika funguo ukutani, akajitia hamnazo.

Asubuhi ya Jumanne iliamka na baridi ya kutetemesha meno. Mkunga akapigiwa simu: mama mmoja, juu kabisa karibu na tangi la maji, ameanza uchungu mapema na hawezi hata kusimama. Akatupa mkoba kiti cha nyuma, akawasha, akaondoka. Kwenye tambarare gari lilienda mbio kuliko alivyolizoea, akashukuru. Kufika mlimani, alipokanyaga mafuta, injini ikakohoa na kukata. Akaachia, ikashika. Akakanyaga, ikakata tena, kichwa chake kikapigwa mbele na nyuma kama kuku anayetembea. Alipanda mlima mzima kwa gia ya kwanza, roho juu, akilibembeleza gari kwa maneno ambayo kwa kawaida huwaambia wazazi: "Polepole, mama. Pumua. Karibu tunafika."

Alifika. Dakika kumi baadaye akafika na mtoto, msichana mwenye sauti kama king'ora, mzima kabisa. Mkunga alinawa mikono, akanywa glasi ya maji, akaagana na wenyeji kwa tabasamu. Tabasamu liliisha getini.

Kinyozi alikuwa amemnyoa jirani yao nusu ya ndevu mlango ulipofunguliwa.

"Umelifanya nini gari?"

"Shikamoo, dada."

"Sijakuja kuamkiwa. Umelifanya nini?"

Jirani, povu shavuni, alitaka kuinuka. "Niwapishe kidogo?"

"Kaa!" wakamwambia wote wawili.

Kinyozi alijaribu kueleza: skrubu, gololi, labda kaongeza kidogo. Dada yake alimsikiliza, mikono kiunoni. "Kuna mtu alikuwa anazaa kule juu," akasema, sasa kwa sauti ndogo, "na mimi nimekwama mlimani nacheza ngoma na injini. Hukuniambia hata neno moja."

Hapo kinyozi akashusha wembe. Angekaripiwa angejibu. Sauti ile ndogo ilimmaliza. "Nisamehe, dada," akasema. "Nilidhani litakufurahisha." Akatazama sakafu, kisha akasema ukweli zaidi. "Hapana, nilidhani hutagundua."

Siku hiyohiyo walilipeleka kwa fundi aliyeitwa Masikio, kwa jinsi alivyojua ugonjwa wa injini kwa kuisikiliza tu. Masikio alifungua boneti, akakiona kijivali, akaguna.

"Hewa ya baridi ni nzito," akasema. "Presha uliyoipima jua la mchana, alfajiri inapanda zaidi. Kompyuta ya gari ikaona hatari, ikakata mafuta. Ishukuru. Isingekata, pistoni zingetoboka."

"Lirudishe gari kama lilivyotoka kiwandani," mkunga akasema.

"Dada, mashindano je?"

"Mashindano ni yako. Wagonjwa ni wangu."

Masikio akafuta mikono kwa kitambaa, akatoa sanduku kabatini. Ndani mlikuwa na kidhibiti cha umeme: vali ya waya mbili na kisanduku cha dashibodi chenye kitufe na namba ndogo za kijani. "Hiki unakiwekea presha mbili," akasema. "Ya chini ya kila siku, ya juu ya mashindano. Kinajipima chenyewe, baridi au joto. Presha ikizidi, kinalia na kuishusha. Ubaya wake bei, na kukifunga na kukipanga kunataka siku nzima."

"Na waya," kinyozi akadakia. "Waya zinakatika, fundi. Changu hakina waya wala kompyuta. Ni chuma na springi. Kitaharibika nini?"

Ndipo mkunga akauliza swali lililomfanya Masikio aliweke sanduku chini.

"Kila kimoja kikigoma, kinagoma kuelekea wapi?"

"Unasemaje?"

"Kazini kwetu kila kifaa tunakiuliza hivyo. Kitaharibika, hilo halina mjadala. Nataka kujua kikiharibika kinamwacha mgonjwa katika hali gani."

Masikio akatabasamu taratibu. "Gololi ya hiki cha mkono ikikwama imeziba, turbo haipati habari. Itasukuma tu. Hiki cha umeme, ukikata waya, vali inaipitisha habari yote, na presha inashuka mpaka ile ya kiwandani."

"Nionyeshe."

Kesho yake, kile cha umeme kilipokwisha kufungwa, wakapanda mlima ule wa tangi la maji: mkunga usukani, Masikio pembeni, kinyozi nyuma amejikunja. Kwenye presha ya chini gari lilipanda kistaarabu. Mkunga akabonyeza kitufe, likawasukuma wote mgongoni, na akacheka bila kutaka. Kisha Masikio akainama, akachomoa waya. Namba za kijani zikazimika. Gari likapoa, likaendelea kupanda kama ng'ombe anayerudi zizini.

Kileleni kinyozi akachomoza kichwa katikati ya viti vya mbele. "Haya," akasema. "Changu kingetuua."

"Si lazima," Masikio akasema. "Mwenye gari la peke yake, anayefungua boneti kila siku na kuitazama geji yake ya presha, kinamtosha. Lenu lina madereva wawili, na mmoja hapendi kumwambia mwenzake."

Kinyozi akaangalia nje ya dirisha, masikio yamemwiva.

Siku ya mashindano dada yake alikwenda kutazama tu, na mwavuli. Kinyozi alikimbia mara mbili, vizuri, akashika nafasi ya tano kati ya magari madogo. Mshindani mmoja hakutokea, nafasi ikabaki wazi, na mtunza muda akauliza kama yuko anayetaka. Kinyozi akampokonya dada yake mwavuli, akamvika kofia yake ngumu.

"Mimi? Umechanganyikiwa?"

"Unaendesha kila siku ukiwa na haraka. Leo endesha bila sababu."

Aliendesha. Kwenye kona ya pili, ambapo kila mtu alikuwa akifunga breki kwa hofu, yeye aliachia mafuta mapema, akaingia laini, akatoka akiwa amekanyaga mpaka chini. Alimshinda mdogo wake kwa sekunde nzima na robo. Watu wakapiga makofi. Alitoka garini hajui aweke wapi mikono.

Kinyozi alinuna kwa muda wa soda moja. Halafu akaja akaegemea boneti karibu naye.

"Kona ile ya pili," akasema. "Nionyeshe ulivyofanya."

Mkunga akachukua vizibo viwili vya soda, akaviweka juu ya boneti yenye joto, kimoja gari, kimoja kona, akaanza kumweleza. Wakabishana kuhusu breki, wakaelewana, wakabishana tena, na magari mengine yakawa yanaondoka moja moja.