Maua ya Avis na Adabu ya Edgar

Kijijini Wadcombe, mtu akisema "nisije nikawasumbua," ana maana kwamba anataka msumbuke naye, tena haraka. Kila mtu analijua hilo, na kila mtu hujifanya halijui. Wanaiita adabu. Adabu hiyo ndiyo iliyomponza Edgar Ockenden.

Mambo yalianza mwezi wa tatu, kwenye kikao cha watu wanaojitolea kuandaa siku za Bustani Wazi. Kila mwaka mwezi wa sita, Jumamosi na Jumapili moja, wenye bustani hufungua malango yao. Wageni huja na kofia pana, wakazunguka na ramani kutoka ua hadi ua, wakanusa, wakasifu, wakaoneana wivu kimyakimya, kisha wakaishia ukumbini kwa chai na keki. Fedha zinazopatikana huenda kwenye paa la kanisa, ambalo tangu waanze kulitengeneza halijaacha kuvuja.

Mwenyekiti ni Rosalind Thripp, mama mwenye sauti ya kuita ng'ombe na moyo laini ajabu. Siku hiyo alimgeukia Edgar.

"Edgar, na wewe je mwaka huu? Tukuweke, au…?"

Alisita kwenye hiyo "au," maana Avis, mkewe Edgar, alikuwa amezikwa mwezi wa kwanza tu.

"Aa, nisije nikawasumbua," alisema Edgar.

Miaka yote Avis alikaa kando yake kwenye vikao hivyo, na Edgar akisema maneno hayo, alimfinya paja chini ya meza na kutangaza, "Anataka huyo. Mwandikeni." Safari hii kwenye kiti cha Avis kulikuwa na koti la mtu. Rosalind akangoja. Edgar akangoja. Wakatabasamiana, na kikao kikahamia kwenye suala la vyoo vya wageni.

Edgar alirudi nyumbani roho inamuuma. Mwezi wa kumi uliopita, Avis akiwa hana tena nguvu za kuinama, alikaa jikoni akapanda mbegu za njegere-tamu, moja moja, ndani ya yale mabomba ya karatasi ngumu yanayobaki karatasi ya chooni ikiisha. Njegere hizo haziliwi. Ni maua, yanapanda vijiti na kunukia sana, na mwezi wa nane ukifika yamekwisha, hayarudi. Avis hakuishi kuyaona. Edgar alitaka jambo moja tu, kwamba watu waje wayaone. Ila kutaka ni rahisi; kusema ndiko kulikomshinda. Kazi hiyo ilikuwa ya Avis.

Basi akakaa kusubiri abembelezwe. Alihamishia miche ya Avis ukutani nyuma ya nyumba, akapalilia mpaka magugu yakakata tamaa, akapaka lango rangi. Rosalind alipita na mbwa wake karibu kila siku.

"Bustani imependeza, Edgar!"

"Wapi! Magugu matupu."

"Haya basi," Rosalind anasema, na mbwa anamvuta mbele.

Jumamosi ya Bustani Wazi ilipofika, Edgar alikuwa langoni tangu asubuhi, anapunguza ua wa miti aliokwisha kuupunguza juzi. Wageni wakapita na ramani zao. Nyumba yake haikuwamo. Mwishowe bwana mmoja na mkewe wakasimama.

"Samahani, hapa ndipo kwa akina Pomfret?"

"La, ni pale chini. Wana bwawa. Zuri sana, msilikose."

"Na hapa kwako, pako wazi?" yule mama akauliza, akichungulia juu ya bega lake.

Edgar akafungua mdomo aseme ndiyo, na ulimi, kwa mazoea ya umri mzima, ukamsaliti.

"Hapa? Hapa hakuna cha kuona."

"Oo, tuwie radhi," wakasema, wakashuka kuelekea bwawani.

"Punda wewe," Edgar akajiambia. Kufika alasiri alikuwa amemwelekeza kila mgeni kwenye bustani ya mwenzake, hata ya mchungaji, ambaye ana mawaridi mawili na yote yanaumwa.

Jioni Rosalind alikuja kuazima viti, maana wanywaji wa chai walikuwa wamezidi. Alipozunguka nyuma ya nyumba akasimama ghafla. Ukuta mzima ulikuwa maua, ya rangi ya waridi, meupe, ya zambarau, na harufu imejaa uwanja.

"Edgar. Haya ni ya Avis?"

"Ndiyo."

"Na wewe umekaa kimya! Kwa nini hukusema?"

"Hukuniomba."

"Nilikuuliza mbele ya kikao kizima, ukakataa!"

"Sikukataa. Nilisema nisije nikawasumbua."

"Sasa huko siyo kukataa?"

"Avis angejua," alisema Edgar.

Rosalind akakaa kwenye kimojawapo cha viti alivyokuja kuazima. "Mimi napita hapa kila siku, bwana wee. Unadhani yule mbwa anapenda mlima huu? Kila siku nasema leo nitamwomba, halafu naogopa kumlazimisha mtu aliyefiwa."

"Na mimi nakuona dirishani, nasema leo ataniomba."

Walitazamana kama watu wawili waliokaa vituo viwili kusubiriana. Rosalind akacheka, akapangusa macho, akacheka tena.

"Ramani zimeshatoka," alisema. "Hakuna atakayejua kwamba uko wazi. Kesho itabidi uwaite watu mwenyewe."

"Niwaite? Barabarani?" Ungedhani ameambiwa atoke bila suruali.

"Barabarani, Edgar. Au yanyauke hivihivi." Akaondoka na viti vyake, viwili kila kwapa.

Jumapili, kengele za kanisa ziliponyamaza, kundi la kwanza likapanda mlima. Edgar akafungua lango kwa upana wote.

"Kama mna nafasi," alianza, "si lazima, ila kama mnapita…"

Wakamwitikia kwa vichwa, kwa heshima kubwa, wakaendelea kupita. Edgar akaona migongo yao inaondoka. Akafikiria vidole vya Avis pale jikoni, vinavyotetemeka, vikisukumia mbegu kwenye udongo. Akatoka mpaka katikati ya barabara.

"Njooni!" alipiga kelele. "Bustani yangu iko wazi! Ina maua mazuri kuliko yote kijijini!"

Tangu Wadcombe iwe Wadcombe, hapakutokea mtu wa kusifu bustani yake mwenyewe, na kwa sauti hiyo. Clive, aliyejitolea kuongoza magari, alisahau mkono wake juu, na magari mawili nusura yabusiane.

Bibi mmoja mwenye mkongojo akageuka. "Afadhali!" alisema. "Tangu jana kila ninapoingia naambiwa hakuna cha kuona. Twendeni kwa huyu."

Wakamfuata. Walipofika mbele ya ule ukuta wa maua, wakasogea karibu.

"Nani kayapanda?" aliuliza bibi.

"Mke wangu. Aliyapanda akiwa mgonjwa, akafa mwezi wa kwanza. Nilitaka yaonwe." Alishangaa jinsi maneno yalivyotoka yenyewe, mafupi, bila kuzungukazunguka.

Bibi hakusema pole. Alisogea, akaingiza uso wake wote kwenye maua, akakaa humo kitambo. "Nayaona," alisema.

Njegere-tamu zisipokatwa hukasirika na kuacha kuchanua. Kila mkulima wa huko anajua. Edgar akachukua mkasi, akamkatia bibi kishada, na aliyefuata, na aliyefuata. Wakashuka mlima na vishada vyao, wakapita bwawani, wakapita kwa mchungaji, na kila walipopita waliulizwa wameyapata wapi. Haukupita muda, mstari ukapanda mlima mpaka langoni. Hata akina Pomfret waliacha bwawa lao wakaja.

Alasiri Rosalind alifika akihema, bado amevaa aproni ya kumimina chai.

"Edgar! Kila mtu kaweka kishada chake mezani. Ukumbi mzima unanukia Avis!"

Edgar akalia palepale, mbele ya wageni, mkasi mkononi. Alilia vizuri, hakumwomba mtu radhi, kisha akamkatia maua yule aliyekuwa mbele kwenye mstari.