Rediata ya Chumba cha Nyuma

Jumanne moja ya Novemba, saa tatu asubuhi, fundi Oldroyd alifika nyumbani kwa Graham Hepworth, mjini Barnsley, akiwa na valvu sita za kudhibiti joto, zinazotii simu. Alizunguka kila chumba, akafungua kwa spana valvu kuukuu ya rediata, lile bapa la chuma la maji ya moto linalopasha chumba joto, na kufunga mpya. Rediata ya ukumbini hakuiwekea, kwa kuwa maji ya boila, mtambo wa kuyachemsha, lazima yabaki na njia ya kurudi hata vyumba vyote vikifungwa.

Enid, mama yake Graham, mwenye miaka themanini na miwili, alikuwa na ombi moja: chumba chake cha nyuma kifike digrii ishirini.

"Kumi na tano zinatosha, Mama," Graham alisema. "Sweta zimefumwa za nini?"

"Nimevaa tatu, mwanangu. Ya nne itabidi nivae mlango."

Rediata ya Enid ilikuwa moto chini, baridi juu, dalili kwamba ina hewa ndani. Oldroyd alikinga tambara, akalegeza skrubu ya kutolea hewa. Ikalia fyuuu, yakatoka matone mawili meusi, kisha akatoka Walter, mume wa Enid, aliyezikwa miaka minne iliyopita. Oldroyd akakaza skrubu na kufuta sakafu.

"Kila asubuhi nagonga," Walter alisema.

"Nilidhani ni mabomba," Enid akajibu. "Na viatu viko wapi?"

"Mle hakuna nafasi ya viatu."

Walter alikuwa mchimba makaa ya mawe, na sasa alikuwa amelowekwa kwenye maji ya moto majira manne ya baridi. Alikaa ukingoni mwa kitanda, joto likimtoka kama jiko. Baada ya dakika ishirini valvu ilisoma digrii ishirini na moja, ikajifunga yenyewe. Enid alivua sweta zote tatu, akaleta chai na keki ya tangawizi, na kipande kikubwa akampa fundi.

Graham alisimama mlangoni, macho kwenye simu.

"Hujambo, Baba. Unakaa mpaka lini?"

"Jumamosi nataka nikawaone njiwa wa rafiki yangu Clegg. Nitarudi jioni."

Graham alipiga hesabu. "Ukitoka asubuhi, saa nane humu mtakuwa na digrii kumi na mbili. Njiwa wana mabawa, Baba. Waje wao."

"Ana kichwa cha mama yako huyu," Walter alimwambia Enid.

"Cha mama yako wewe! Mama yangu alikuwa na huruma."

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Walter alivua kofia, na Enid akampandishia mapajani miguu yake isiyo na soksi.

Kwa kuwa Walter alitosha kupasha chumba, Graham alimwagiza Oldroyd aizibe rediata ile kwa kifuniko na kuihamishia valvu yake kwenye rediata ya gereji. Aliifunga vizuri, haikuvuja hata tone. Graham akaijaribu kwenye simu kwa kidole kimoja, akaiwekea pikipiki yake digrii kumi na nane.