Samli Kwenye Nguzo ya Kwanza

Ukitaka kumjua mume wangu Leodegar, gusa chuma chake. Mtu huyu nyumbani kuku wanamrukia mapajani naye hasemi neno, lakini kazini huwa mbogo akiona kidole cha mtu kwenye nguzo aliyokwisha kuisugua. Mwaka ule wa hamsini na tano alikuwa msimamizi wa msingi wa ghorofa ya Harilal, mwuza vitambaa wa Mchafukoge, na nyumbani kwetu Magomeni hapakuzungumzwa kingine.

Mimi nilikuwa na duka Kariakoo, la maharage, vitunguu na samli. Wateja wangu hawakuwa na haja ya kusikia habari za nguzo, kwa hiyo mwanafunzi wake nilikuwa mimi peke yangu. Jioni, chakula kikipoa, alinieleza kwamba ardhi ya pale juu ni mchanga na tope tu, haibebi hata banda la kuku. Chini yake ndiko kwenye mwamba wa matumbawe. Wanatoboa mpaka ndani ya mwamba, wanateremsha nguzo ya chuma, wanaizungushia uji mzito wa saruji, na uji unaganda. Nikasema basi, nguzo inasimama juu ya jiwe kama mtu juu ya kigoda. Akaweka tonge chini. Kule chini, akasema, hubaki unga wa mwamba uliotobolewa, laini, kwa hiyo kitako cha nguzo hakitegemewi. Kinachobeba ni ubavu. Chuma kimeshikwa na saruji, saruji imeshikwa na mwamba, na mzigo unahama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, urefu wote wa shimo. Wakiachana, nyumba haina msingi. Ndiyo maana alikisugua chuma kwa brashi ya waya, akakiosha, akawatangazia vibarua kwamba atakayekigusa kwa mkono wenye mafuta akatafute kazi bandarini.

Aliwatangazia vibarua. Wenye nyumba hakuwaambia kitu, maana nani atawakataza wenye nyumba kugusa mali yao?

Ilikuwa mara yake ya kwanza kusimamia kazi kama hiyo. Injinia, Mzungu mmoja asiyejua kucheka, alimpa nafasi shingo upande: nguzo ya kwanza ikipita kwenye majaribio, zote zilizobaki ni zake. Isipopita, atarudi kuwa msaidizi wa watu. Leodegar aliitaka kazi ile kwa moyo wote. Nilijua, kwa sababu aliacha hata kutaja kurudi Rombo kulima kahawa.

Siku ya majaribio nilifunga duka nikaenda kuona. Walikuwa wamejenga jukwaa juu ya kichwa cha nguzo, wakawa wanapanga vipande vya reli na magunia ya mchanga. Pembeni palikuwa na kipimo chenye mshale, na nguzo haikutakiwa kushuka zaidi ya unene wa ukucha. Mwanzoni mshale ulitulia. Wakaongeza reli. Mshale ukaanza kuzunguka, jukwaa likainama, watu wakaruka kando, na nguzo ikazama taratibu, shibiri nzima, bila hata kulia.

Injinia alimwambia mume wangu mbele ya vibarua wake kwamba uji wake ulizidi maji, na kwamba hiyo ni kazi ya mpishi. Harilal naye akasema atatafuta msimamizi mwingine. Leodegar alikusanya brashi zake akaja nyumbani, akakaa, akaanza kurudia kila kitu kwa sauti ndogo: maji yalipimwa, saruji ilikuwa mpya, mwamba ulikuwa mzima. Nilimwonea huruma mpaka nikamkasirikia.

"Labda mimi si mtu wa kazi hii," akasema.

Katika ndoa yetu yote sikuwahi kumsikia akisema hivyo, na maneno yale yaliniuma kuliko matusi ya injinia.

Kesho yake dukani akaja Jashoda, mama yake Harilal. Alikuwa mteja wangu wa miaka, bibi mdogo wa umbo mwenye macho makali, anayenusa samli kabla ya kuikubali. Nikamwamkia, akaitikia bila kuniangalia. Alitaka samli nyingi kuliko kawaida yake. Nikamuuliza kama kuna arusi, na mara machozi yakamtoka.

Akanieleza yote pale pale. Kwao nguzo ya kwanza ya nyumba huheshimiwa kama bibi arusi: hupakwa samli na manjano na kuombewa kabla haijasimamishwa. Chuma kilikuwa kimelazwa uani, karibu na jiko lake. Alfajiri ya siku ya kukiteremsha shimoni, vibarua hawajafika, yeye na mkwewe Jasvanti, mke wa Harilal, walikipaka kutoka kichwani hadi mguuni, tena kwa samli niliyomuuzia mimi. Kisha wakakifuta kwa kitambaa safi, wasije wanaume wakawacheka. Na sasa nguzo imezama. Mungu ameikataa nyumba ya mwanawe, akasema, au labda samli haikutosha. Ya pili ataipaka mara mbili.

Nilikaa juu ya gunia la maharage. Nilitaka kucheka, nilitaka kupiga yowe, na nilitaka kukimbia Mchafukoge nikamshike yule injinia shati. Lakini mbele yangu alikuwa mama wa watu analia, na sikutaka mwanawe ndiye amwambie kwa ukali jambo ambalo mimi ningeweza kumwambia kwa upole. Nikachota samli kidogo, nikampaka kiganjani, nikajipaka na mimi, nikamwambia anishike mkono kwa nguvu zake zote. Nikavuta. Mkono wangu ukatoka kama samaki.

"Mama, Mungu hajakataa kitu," nikamwambia. "Ni samli. Nguzo inatakiwa ishikane na saruji, na samli haiachi vitu vishikane, hata ukiifuta."

Aliitazama mikono yetu. "Hajakataa?"

"Hajakataa."

Akacheka huku bado analia, akajifuta kwa ncha ya sari, na ghafla uso wake ukabadilika. Akakumbuka kwamba kuna mtu aliyetukanwa kwa ajili yake. Hakungoja samli wala chenji. Ilibidi nifunge duka nimfuate hadi Mchafukoge.

Kwa mwanawe alisema Kigujarati, sikuelewa neno, ila niliuona uso wa Harilal ukipitia rangi zote za vitambaa vyake. Mficha maradhi kifo humuumbua, na bibi yule hakuficha hata nukta. Injinia akaitwa, na mume wangu pia. Akaamuru nguzo ing'olewe kwa winchi, nayo ikatoka nyepesi, haina hata punje ya saruji ubavuni. Akapitisha kidole, akanusa. Akasema nguzo nyingine itasimamishwa na watu wale wale kwa uji ule ule, na majaribio ndiyo yataamua. Radhi hakuomba. Nilimngojea aombe, na hadi leo namngojea.

Nilidhani Leodegar atafoka. Badala yake alivua kofia, akaenda mpaka jikoni kwa Jashoda. Akamwambia kwamba kichwa cha nguzo, kinachobaki juu hewani, hakishikani na saruji yoyote kule shimoni. Uji ukishaganda, aje apake hapo apendavyo. Nilipomsikia nilimpenda upya, na nikaona haya kwa kumpenda hivyo mbele za watu.

Nguzo ya pili ikasimamishwa, saruji ikaganda, Jashoda akapaka kichwa cha nguzo na kuomba, na siku ya majaribio ikafika. Reli zikapanda, magunia yakapanda. Walipofika uzito ulioizamisha ile ya kwanza, nilifumba macho. Nilipofumbua, mshale ulikuwa umetulia, lakini bado uzito wa mwisho, na shati la Leodegar lilikuwa limelowa mgongo mzima.

Ndipo Jashoda akatoka uani akaomba aletewe ngazi. Harilal akamsihi kwa Kigujarati, kisha kwa Kiswahili, ili na sisi tumsaidie kumsihi.

"Fundi huyu ametiliwa mashaka kwa ajili yangu," akasema kwa sauti ya watu wote kusikia. "Basi na mimi nipimwe pamoja na mzigo."

Akapanda. Hakuna aliyethubutu kumshika. Akakaa juu ya magunia, akaiweka sari yake vizuri, akatulia. Vibarua wakapakia reli za mwisho upande wa pili. Leodegar akainamia kipimo, akakaa hapo muda mrefu mpaka injinia naye akaja kuinama kando yake. Injinia ndiye aliyesema kwamba haijasogea.

Kutoka juu Jashoda akamwita. "Fundi, nishuke?"

Leodegar akajifuta uso kwa mkono wenye vumbi la saruji.

"Kaa, mama," akasema. "Kaa upendavyo."