Majibu ya Tabu

Hospitali nzima ilimjua Farhan kama mtu wa basi, ingawa hakuwahi kushika usukani maishani mwake. Ilikuwa hospitali binafsi, huko Temeke. Mapokezi walikuwa na mfumo wao wa kompyuta, maabara wao, duka la dawa wao, na kila mmoja ulinunuliwa kwa wakati wake, haukuelewana na mwenzake. Katikati ukawekwa mfumo mwingine wa kuchukua taarifa huku na kuzifikisha kule. Wataalamu wanauita enterprise service bus. Pale wakafupisha, wakauita basi. Daktari akiandika kipimo, basi linakipeleka maabara. Majibu yakitoka, basi linayarudisha kwa daktari. Likikwama, anaitwa Farhan.

Mwanzoni walikuwa wawili, yeye na Brightson. Brightson akapata kazi nje ya nchi, na nafasi yake haikujazwa. Tangu hapo Farhan aliitwa akiwa mezani, aliitwa akitoka msikitini, aliitwa hata siku ya harusi ya mdogo wake. Mkewe Ibtisam aliacha kumuuliza atarudi saa ngapi. Alimfunikia sahani tu, akalala.

Kisha mkurugenzi, Dokta Atuganile, akataka wagonjwa waone majibu yao kwenye simu. Farhan akatengeneza API juu ya basi, yaani mlango ambao programu ya simu ingepitia kuchukua majibu ya mhusika. Mlango wenyewe haukuwa kazi. Kazi ilikuwa mashine ya maabara, iliyozeeka na isiyojua namba ya faili la mgonjwa. Ilituma jina na umri tu. Kwa hiyo Farhan akaweka kizuizi: majibu yenye majina yanayofanana yasimame kwanza, hadi mtu wa maabara athibitishe ni ya nani. Na Temeke majina yanafanana kwelikweli. Majibu yakarundikana, simu za malalamiko zikaanza.

"Farhan, watu wanasema majibu yao hayaonekani," Dokta Atuganile alimwambia, amesimama mlangoni.

"Yapo, Dokta. Yanasubiri kuhakikiwa."

"Kesho bodi inakuja kuiona hii programu. Toa hicho kizuizi."

"Nikikitoa tutapata matatizo."

"Na haya tuliyonayo unayaitaje?"

Farhan alikuwa na la kujibu. Angeweza kumweleza neno kwa neno, na angeeleweka, maana yule mama hakuwa mtu mbaya. Lakini alikuwa amechoka, uchovu wa kuona hata kufungua mdomo ni kazi. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kompyuta. Akakitoa, akaenda nyumbani, akalala usingizi mzito wa mtu aliyetua mzigo.

Asubuhi, wageni wa bodi wakiwa wameshaketi ukumbini, Nesi Mwanaheri wa kliniki ya kina mama akaingia chumbani kwa Farhan bila kubisha.

"Kaka Farhan, huku kuna mama anaitwa Tabu Saidi. Simu yake inasema hana mimba. Daktari wa zamu alishamwandikia eksirei ya kiuno, mie nikagoma, nikampima upya. Anayo."

Farhan akageukia kompyuta. Akafungua kumbukumbu za basi. Tabu Saidi walikuwa wawili, umri mmoja, wote walitolewa damu jana.

"Yule mwingine ni wa Keko," Mwanaheri alisema taratibu. "Mke wa fundi samani. Anatibiwa kwetu miaka, anatafuta mtoto."

Jibu la mimba lilikuwa limemfikia huyo tangu alfajiri.

Farhan akaufunga mlango wa API palepale. Ukumbini skrini ikabaki tupu mbele ya wageni, na simu ikalia.

"Nani kazima?"

"Mie, Dokta." Akamweleza.

"Mpigieni huyo mama wa Keko."

"Hapana, Dokta. Hili si la simu. Nakwenda."

"Nenda na Mwanaheri," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

Karakana ya Keko ilikuwa ukingoni mwa barabara, inanuka mbao mbichi na vanishi. Mume, Mfaume, alikuwa ameinamia mashine ya randa. Tabu alitokea uani, na alipomwona nesi akaangua kicheko.

"Jamani, mmekuja kunipongeza mpaka nyumbani!"

"Shikamoo, dada Tabu," Farhan alisema.

"Marahaba, mdogo wangu. Karibuni, kaeni."

Mwanaheri alifungua kinywa, lakini Farhan akamtangulia; aliona si haki kumwachia mwingine. "Dada, yale majibu si yako. Ni ya Tabu mwingine. Mfumo umeyachanganya, na kizuizi cha kuyahakiki nilikitoa mie. Tunaomba radhi."

Tabu akamgeukia nesi. "Mwanaheri, huyu anasema nini?"

Mwanaheri akamshika mkono. "Damu yako tumeirudia leo, dada yangu. Bado."

Kicheko kilikuwa hakijaondoka vizuri usoni mwa Tabu, kama vile uso haujapata habari. Akaketi kwenye ubao.

"Mama mkwe nimeshampigia," akasema. "Kalia kwenye simu, kaniombea dua ndefu. Sasa nani atamwambia?"

Mfaume akazima mashine. "Nitamwambia mie."

Hakupaza sauti wala hakuwafukuza. Farhan alitamani angetukanwa.

Alirudi akamkuta mkurugenzi anamsubiri, wageni walishaondoka.

"Mlango utaufungua lini?"

"Maabara wakianza kutuma namba ya faili. Na akipatikana mtu wa kushika basi pamoja na mie. Peke yangu siwezi tena, Dokta. Jana nilijua, na bado nilikitoa."

Dokta Atuganile akavua miwani. "Na mie niliambiwa," akasema.

Hakuna aliyepewa barua ya onyo, wala ya pongezi. Munira, binti wa kitengo cha takwimu, akahamishiwa kwa Farhan kujifunza basi. Mlango ukabaki umefungwa.

Siku zilipita, kisha Mfaume akaja hospitalini, vumbi la mbao bado kwenye nyusi. Farhan akasimama, akijiandaa kwa lolote. Mfaume akamnyooshea simu.

"Lile jibu bado limo humu. Kila akiamka analisoma. Nilimwambia alifute, akakataa. Leo kanipa mwenyewe, kasema nije kwako."

Ilikuwa kweli. Mlango ulifungwa, lakini kilichokwisha kupita kilibaki kwenye simu, na Farhan hakulifikiria hilo. Akaipokea kwa mikono miwili. Maandishi yalikuwa mafupi, na jina lilikuwa la Tabu hasa, halikukosewa hata herufi. Akayafuta, kisha akapekua kila pembe ya programu hadi akaridhika.

"Limekwisha?" Mfaume aliuliza.

"Limekwisha, kaka."

Mfaume akaitia simu kwenye mfuko wa shati, asiondoke. "Na tarehe yake ya kliniki ni ileile?"

Farhan hakujua. Akamwachia Munira kiti, akamwongoza Mfaume kwenye korido kwenda kwa Mwanaheri.