Bibi wa Meza ya Nne

...na uape kwanza, aliiambia penseli kimoyomoyo, uape hutamwambia mtu, hata wakikuchonga mpaka ubaki kipande uende na siri hii, kwa sababu Bibi anajua kusoma, haya, nimeshasema, anajua kusoma tangu mwaka jana, anasoma vibao vya maduka, anasoma vikaratasi vya dawa, anasoma bahasha za mpangaji wake mbele na nyuma, na jambo hili hajamwambia mtu duniani isipokuwa shoga yake msusi, na msusi kamwambia dada yake tu, basi, hao si watu wa kuwahesabu... na sasa mtihani huu hapa mbele yake, Jumatano saa tisa alasiri, meza ya nne, maabara ya shule ya sekondari, maswali kumi, andika jina lako, andika jina la mtaa wako, maswali mepesi mpaka yanatia kicheko, na yeye anachora vikombe, kikombe hapa, kikombe pale, kama alivyochora muhula uliopita na ule wa nyuma yake, kwa sababu sheria ya mpango huu wa kusomesha wazee ni moja, ukifaulu unapewa cheti, unapigiwa makofi, unapigwa picha na mkuu wa shule, halafu kwaheri, kiti chako anapewa mzee mwingine anayesubiri, na Bibi Jumatano aende wapi, akakae na kuku? Hapa ndipo palipo na dunia, dirishani wasichana wanarusha mpira wa kikapu, magoti yana vumbi, kelele zao tamu, chini kule karakana misumeno inalia, na meza hii anayoiegemea wameiunda watoto wa kidato cha pili, ameipapasa mpaka uvunguni, kibanzi hakuna, chumba cha pili kwaya inarudia mstari uleule mara ya nane, ya tisa, mpaka unyooke, na bustanini kila mche una kibao chenye jina la mtoto anayeumwagilia, mche ukinyauka aibu ni yako, shule ya serikali hii, mwisho wa lami, vioo vyote vimo madirishani, nani angeamini... yeye alitolewa darasa la pili akambebe mdogo wake, akaisikia kengele akiwa na mtoto mgongoni, kila asubuhi ile kengele, akawa anapiga hatua kuelekea inakolia, halafu anakumbuka, anarudi, na leo kengele kama ile, karibu miaka sitini baadaye, inalia na yeye yumo ndani, tena amewahi!

"Bado dakika kumi," sauti ya mkuu wa shule, mwanamke mrefu ambaye viatu vyake havina kelele, humsikii mpaka yuko begani... chora kikombe, chora... na Kijiti yuko pale ukutani na wenzake wanaofundisha wazee, mikono nyuma, msichana wa kidato cha nne, mwembamba, Bibi ndiye aliyembandika hilo jina siku ya kwanza na likamganda shule nzima, mtoto ana akili huyo, jamani, kitabu cha wazee kilisema baba analima, mama anafua, Bibi akapiga miayo mpaka taya likalia, Kijiti akakisukuma pembeni, akachukua karatasi akaandika, fundi saa hasemi na mkewe, sababu ni, akaachia hapo. "Sababu ni nini?" "Iko upande wa pili, Bibi. Geuza, soma." We! Jasho lilimtoka, ma, ma-ma, mama m-kwe, mama mkwe! Akapiga meza kofi, chupa za maabara zikaitikia, na toka siku hiyo kila Jumatano habari moja yenye mkia uliokatwa, na mkia hupewi bila kuusoma mwenyewe, ndani ya muhula mmoja Bibi akawa anasoma kama anakimbizwa... mpaka aliposikia ile ya cheti na kwaheri, hapo ndipo herufi zikaanza kumpotea. "Macho, mjukuu wangu, macho haya." Kijiti akayatazama macho hayo, Jumatano iliyofuata akamletea miwani ya kuazima ya maktaba, miwani! na Bibi akaivaa, akaona kila kitu vizuri zaidi, akasema haoni...

"...mihula mitatu, mkuu," nani huyo, mkaguzi, yule mwenye faili kifuani, anadhani ananong'ona, "mihula mitatu na mwanafunzi wake hajui kuandika jina lake." "Msichana ni hodari." "Hodari kwa ushahidi gani? Barua ya kumpendekeza chuo cha ualimu naifunga leo. Bila mwanafunzi aliyefaulu siwezi kumwandikia." Penseli ikasimama katikati ya kikombe. Barua gani? Mbona Kijiti hakusema, mihula yote hii hakulalamika, alileta miwani... Bibi alidhani anaiba kiti tu, kiti cha mbao, kumbe vikombe vyote hivi vinamwagika kwenye kichwa cha yule mtoto, naye atatolewa kama alivyotolewa yeye, atasikia kengele kwa mbali, na safari hii aliyemtoa ni nani, ni wewe, bibi mzima na ushungi wako... akafuta kikombe kwa kidole, kikabaki doa, akaandika herufi ya kwanza ya jina lake, akasita, Jumatano ijayo je, kwaya, misumeno, Jumatano zote zilizobaki... 

"Naomba ubao dakika moja," ni Kijiti. "Mtihani unaendelea," mkaguzi. "Hata mimi wangu unaendelea," na mkuu wa shule akaitikia kwa kichwa, chaki ikaanza kulia, usitazame, Bibi alijiambia, tazama karatasi yako, andika, hakuna kinachokuhusu ubaoni... macho yakaenda yenyewe. BABU REDIO ANAOA TENA. Babu Redio! Huyu wa meza ya tano, mlinzi mstaafu, haishi kusema na kusoma hajaanza! MCHUMBA WAKE ANAKAA MTAA WA BIBI, NYUMBA YA PILI KUTOKA KWA, na chaki ikasimama, Kijiti akageuka, akafuta vumbi mikononi taratibu.

"Kutoka kwa nani?" Bibi keshasimama, kiti kimeanguka, penseli iko juu kama rungu, anamgeukia mzee wa watu. "Wewe! Nyumba ya pili kutoka kwa nani? Kwa msusi? Na msusi anajua asiniambie?"

"Mimi?" Babu Redio anatazama ubao, anamtazama Bibi, anatazama tena ubao. "Kwani pameandikwa nini?"

Wazee wote na penseli zao, watoto wote ukutani, mkaguzi na faili lake, wanamtazama Bibi, mdomo wazi, miwani ya maktaba puani.

"Maliza kusoma, Bibi," Kijiti akasema. "Kwa sauti. Mkaguzi asikie."