Paka wa Ghorofa ya Tatu

Nilipostaafu kazi ya kupakia saruji Athi River, nilirudi kwangu Katelembo na sanduku la nguo, cheti cha darasa la nane nilichokipata nikiwa na miaka hamsini na sita, na paka. Paka huyo anaitwa Karani. Nilimpa jina hilo kwa sababu kila niliporudi kutoka darasa la ngumbaru na kufungua vitabu, alivilalia kama mwenye ofisi. Kwa miaka sita tuliishi ghorofa ya tatu, na hakuwahi kukanyaga udongo.

Mke wangu Kavutha, ambaye ndiye aliyelima shamba letu miaka hiyo yote, alimkuta amejinyoosha kwenye kochi.

"Baba Linet, hapa kila mnyama ako na mahali pake. Hiyo paka italala stoo na ishike panya. Mahindi ikiingia stoo kabla hiyo paka haijatoka kwa nyumba, naipatia Munyiva aende nayo Kinanie."

Munyiva ni mdogo wake. Ana mbwa watatu. Mahindi yalikuwa yamebakiza wiki tatu yakauke.

Jirani yangu Musembi, ambaye tangu nipate cheti ananiita Mwalimu, alinishauri nifuate desturi ya paka anayehamishwa: nimtie guniani asione njia, nimfungulie stoo, kisha nifunge nyumba. Nikafanya hivyo. Karani alichomoka guniani, akakutana na jogoo uso kwa uso, na kwa kufumba na kufumbua akawa juu ya paa la stoo. Alilia huko mpaka jioni. Nilimshusha kwa ngazi, mikono yangu yote miwili ikivuja damu.

"Mwalimu, hii ni ya ghorofa kabisa!" Musembi alicheka huku amejishika mbavu. "Hata ikitoroka, inatorokea juu!"

Siku mbili Karani hakutoka chini ya kitanda. Nami nilikaa nikawaza, maana sikusoma ili niache kuwaza. Nikakumbuka jioni yangu ya kwanza darasani. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, nisiyejua kuandika jina langu, nikasimama mlangoni nisiingie. Mwalimu, Bi. Syokimau, alinionyesha kiti cha karibu na mlango. "Keti hapa," alisema. "Ukichoka nasi, mlango uko wazi." Sikuondoka hata siku moja.

Hapo nikajua nilipokosea. Nilikuwa nimemfungia Karani mlango mgongoni.

Nilimpeleka kwanza mjini Machakos kwa daktari wa mifugo, akachanjwa. Kisha nikaanza masomo. Kila asubuhi, kabla hajala kitu, niliweka sahani yake kizingitini na kuigonga kwa kijiko mara tatu. Mlango niliuacha wazi kabisa. Kesho yake niliisogeza hatua moja, na kesho kutwa nyingine. Blanketi lake kuukuu nililitandika stoo, ili akifika akute harufu yake imemtangulia. Jogoo alipowika, Karani alirudi ndani mbio. Sikumfuata wala sikumkemea. Niligonga tena.

"Jana alifika kwa kamba ya nguo," nilimwambia Kavutha.

"Mahindi nayo imefika wapi?" alinijibu.

Siku ya kuingiza mahindi, sahani ilikuwa imebakiza hatua nne kufika stoo. Musembi alikuja kusaidia kubeba magunia, na mbwa wake akamfuata. Karani alikuwa uwanjani, anakula. Mbwa alimwona, akaenda moja kwa moja.

"Kwisha!" alisema Musembi.

Karani aliinua kichwa. Akatazama mlango wa nyumba: ulikuwa wazi, kama siku zote. Kisha akavimba akawa mara mbili ya mwili wake, akampiga mbwa makofi mawili ya pua. Mbwa alipiga kelele, akajificha nyuma ya miguu ya Musembi. Karani akamalizia chakula chake. Halafu akatembea zile hatua nne, mkia juu, akaingia stoo na kuketi juu ya gunia la kwanza.

Kavutha alikwenda kwenye mlango wa nyumba, akaufunga kwa kishindo, akageuka kumtazama. Karani aliusikia. Aliendelea kulamba kucha.

"Mbwa yako nayo ni ya ghorofa?" nilimuuliza Musembi. "Mbona inatorokea kwa miguu yako?"

"Mwalimu," alisema, na safari hii hakucheka, "kuja unifunzie yangu."

Asubuhi iliyofuata nilichelewa kuamka. Nilisikia kijiko kikigonga sahani uwanjani mara tatu, na sauti ya Kavutha, ambaye tangu nirudi hakuwahi kumwita paka huyo kwa jina.

"Karani! We Karani! Chai yako inapoa!"

Nilivaa viatu vyangu polepole. Nilitaka aite tena.