Mkeka wa Ukutani

Bi Umulkheir wa Kipungani alikuwa amesuka mikeka miaka thelathini, yote ikauzwa mjini Lamu bila jina lake. Safari hii waandaaji wa maonyesho walikuwa wamekubali kuutundika mmoja ukutani, na jina lake chini. Sharti lilikuwa moja: atume maelezo ya kazi yake kabla ya Alhamisi. Leo ilikuwa Jumatano, na maneno hana.

Shifaa, binti wa kaka yake, alikaa kando ya mkeka huo na simu mkononi, tayari kuandika.

"Shangazi, wanauliza wazo la mistari hii ya katikati ulilipata wapi."

Kila aliyeuona mkeka aliisifu mistari ile myeusi, inayokwenda sawa kisha ikakatika ghafla, ikaruka, ikaendelea.

"Andika ni mawimbi."

"Mawimbi hayakatiki hivi."

"Basi ni ndia ya shamba."

"Mbona inaruka?"

Njia ya mwongo ni fupi. Ukili ule wa katikati, utepe wa miyaa wenye mistari ile, Umulkheir hakuusuka yeye. Ulisukwa na Maram, aliyekuwa mke mwenzake, ambaye alipopewa talaka alirudi kwao Mtangawanda akaliacha bunda lake la kili chini ya kitanda. Kwa desturi yao, ukili ni wa mikono mingi: jirani akija kupiga soga husuka kidogo akaenda zake, na mshonaji hamtaji mtu. Kwa hiyo Umulkheir aliushona mkekani bila wasiwasi. Lakini jirani ni jirani, na mke mwenza uliyemsengenya miaka sita ni habari nyingine.

Nambari ya Maram alikuwa nayo, ila hakuwahi kuipiga hata siku ya Idi. Akamwambia Shifaa apige.

"Maram, ni mimi, Umulkheir."

"Kuna msiba?"

"Hakuna. Nambie, ule ukili wako mweusi una maana gani?"

Maram akacheka, kicheko kikavu. "Hauna maana. Nalikuwa nikikosea hesabu ya chane za miyaa. Kila ukiingia kunikagua, mkono wangu uliruka. Ulinambia niufumue, nikaona tabu, nikauwata."

Umulkheir aliutazama mkeka. Akaanza kuhesabu mikatiko kwa kidole. Alipofika ishirini na tatu aliacha, maana bado ilikuwa mingi. Alikuwa akijiona mwanamke mwema, mkali kidogo tu. Sasa aliona haya, haya ya kweli.

"Niwie radhi, Maram."

"Yamepita hayo, dada."

Simu ilipokatwa, Shifaa aliuliza kama waseme mawimbi tu, nani atajua.

"La," alisema Umulkheir. "Chini weka majina mawili, la Maram litangulie. Kisha andika: Katikati alisuka yeye. Kila mstari ulipokatika, ndipo nilipoingia mimi."